Dada Aliyekadiriwa

Mume wangu ni msoma mita za maji. Nalisema hilo mapema kwa sababu wanaosikia kwamba nyumba hii ina mwandishi huja wakitarajia mtu wa miwani na maneno mazito, wanamkuta bwana mfupi mwenye matope magotini, kisha wananiuliza mimi mwandishi mwenyewe yuko wapi.

Yale matope ni ya kazi. Mita hukaa ndani ya kisanduku cha zege kilichozikwa ardhini, na chini ya kifuniko chake huweza kuwa na chochote: buibui, chura, siku moja meno ya bandia ambayo mwenyewe alishayatafuta mwaka mzima. Anapiga magoti, anafuta kioo kwa kitambaa, anasoma tarakimu nyeusi, nyekundu anaziacha, anaandika, anainuka. Nyumba mia na zaidi kwa siku. Geti likiwa limefungwa na hakuna wa kufungua, sheria ya kazi inamruhusu kukadiria: anatazama usomaji wa miezi iliyopita, anabuni nambari inayoelekeana nayo, na pembeni anaandika herufi M, yaani makadirio. Wapo wenzake wanaokadiria mtaa mzima wakiwa wamekaa kivulini na soda mkononi. Yeye, miaka ishirini na miwili, hajaandika M hata moja. Atarudi mara tatu, atagonga kwa jirani, atalala kifudifudi barabarani na kumulika tochi chini ya geti huku wapita njia wakimhurumia kwamba ameanguka. Ofisini wanamwita Bwana Magoti, na si kwa kumsifu, maana anawachelewesha.

Uandishi ulianza kwa mdomo. Kila jioni alirudi na habari za uani kwa watu. Kuna mama anayeishi peke yake, na kila Jumatatu kwenye kamba yake imeanikwa shati moja la kiume. Kuna mzee anayemsalimia mbwa wake asubuhi na kusubiri aitikie. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi chumba cha mbele, kwa hiyo mguu ukikanyaga pedali masikio yanakuwa yake.

“Lile shati ni la nani?” nikauliza.

“Sijui.”

“Si ungemuuliza!”

“Mama Pacha, mimi nasoma mita. Nitamuulizaje mtu habari za shati?”

Basi ananiachia mimi shati la watu linizunguke kichwani wiki nzima. Siku moja nilikuwa na magauni manane ya kumaliza, nikamwambia akayaandike huko mambo yake aniache nipumue. Nilisema kwa hasira. Yeye akalichukua kama ruhusa. Pacha wetu walikuwa wameshakwenda shule ya bweni na kuacha madaftari yaliyojaa nusu, akaanza kujaza nusu zilizobaki, asubuhi kabla ya kazi, kwenye meza yangu ya kukatia, katikati ya chaki na pini.

Nikiri kwamba nilikuwa na hamu ya kuona atageuka nini. Mwanzoni aligeuka mtu wa kuudhi. Kichwa kilimvimba. Nikisimulia jambo ananirekebisha, eti ningeanza na mlango kabla ya mtu. Dukani anamkazia macho muuzaji kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili. “Anayepima watu nyumba hii ni mimi,” nikamwambia, “na mimi nina futi.” Akacheka, lakini aliendelea kukodoa.

Hadithi fupifupi za uani zilipokwisha akaanza kitabu kizima. Kina kaka, mama mgonjwa, dada, na hata yule mzee na mbwa wake. Nilipofika ukurasa wa tatu niliacha kusoma nikaenda kuchemsha maji ambayo sikuyahitaji. Nilimjua yule dada. Ni wifi yangu.

Hapa lazima nieleze. Mume wangu ana dada mmoja tu, mkubwa wake, mjane, anafunga mikate kwenye kiwanda cha mikate katika mji wa saa mbili kutoka kwetu. Mama yao alipougua alikaa kwa dada miezi mitano. Wiki ya mwisho akaletwa hospitali ya huku kwetu. Mume wangu akashika zamu ya kukaa naye, akamwambia dada yake aende kwake akabadilishe nguo na kupumzika siku moja. Alfajiri iliyofuata mama akafariki. Tulimpigia wifi, akapokea, akalia, akasema kesho asubuhi mapema yuko nasi. Kesho yake hakuja. Simu haikupokelewa. Tulisubiri saa moja, ya pili, ya nne, mwisho tukamzika mama bila binti yake. Jioni ile wifi alipiga simu mara nne. Mume wangu aliitazama ikiita juu ya meza, akaigeuza ikalala kifudifudi. Ukaja ujumbe wa neno moja: Nisamehe. Akaufuta. Tangu hapo miaka tisa, hawajasemezana. Na mimi nilikuwa na simu yangu, na namba yake ninayo. Nilijiambia kwamba mambo ya ndugu ni ya ndugu, nikashona.

Kwa hiyo kitabu kile kilikuwa cha kumsuta. Kwenye sura ya tisa kaka anazika mama yake, na kule mbali dada amefunga mlango kwa komeo, amekaa jikoni, anakunywa chai na kutabasamu kwa kuwa mzigo umeondoka. Mume wangu alinisomea ukurasa huo amesimama, sauti inatetemeka. Alikuwa ameusubiri miaka tisa.

Madaftari sita akayapeleka kwa mkutubi wa maktaba yetu ya mtaa, mwanamke anayesoma kila kitu na hajali kukupendeza. Baada ya wiki mbili akatuita. Nami nikaenda, ningebakije nyumbani?

“Huyu mzee na mbwa wake nimemcheka peke yangu kama mwehu,” mkutubi akasema. “Mama mgonjwa nimemlilia. Mazishi umeyaandika mpaka nimesikia udongo unavyoanguka. Kila mtu humu ana damu, hadi mbwa. Isipokuwa huyu dada.”

“Ana nini?”

“Hana kitu, ndiyo shida. Anafunga mlango, anakunywa chai, anatabasamu. Nani anatabasamu peke yake jikoni?”

“Yeye.”

“Unamjua mtu kama huyo?”

“Namjua sana.”

“Basi hujamwandika,” mkutubi akasema, na kumrudishia madaftari.

Alinuna mpaka nyumbani. Akanuna siku tatu. Siku ya nne nilikuwa natia uzi kwenye sindano, akatokea mlangoni ameshika kalamu.

“Mama Pacha, dirisha la jikoni kwa dada linatazama wapi?”

Nilivunjika mbavu. Mtu anayejua kisanduku cha mita kilipo kwenye nyumba elfu tatu, hajui dirisha la dada yake linatazama wapi. Yeye hakucheka. Alisema hawezi kumwandika mtu jikoni bila kujua mwanga unamwingilia upande gani. Kesho yake likaja swali jingine: dada huamka saa ngapi? Kikombe anashika kwa mkono upi? Akifiwa, analia kwa sauti au anakaa kimya? Nilimjibu kwamba hayo angeyajua yeye, walilala chumba kimoja utotoni. “Ndiyo,” akasema, “lakini sikumtazama.”

Kuanzia hapo nikaanza kuona jambo ambalo sijui niliiteje. Hasira haikumtoka, ila ilikosa pa kukaa. Kila alipomketisha dada jikoni amtabasamishe, dada aliinuka. Aliniambia hivyo kwa malalamiko, kama mtu anayesimulia ukorofi wa mteja: “Nimemwambia akae anywe chai, anakwenda kuosha sufuria. Namwambia atabasamu, anatafuta viatu.” Nikamwambia kwamba wewe ndiye unayeshika kalamu. Akaniambia ndivyo alivyodhani na yeye.

Akaandika upya. Safari hii dada ameugua homa usiku wa kuamkia mazishi. Akafuta. Safari nyingine basi limeharibika njiani, dada amekaa juu ya jiwe anaangalia saa. Akafuta, akasema mabasi yanaharibika mno hadithini kuliko barabarani. Mwisho akapata aliloliona ndilo lenyewe: dada alikuja. Alifika, akasimama mbali nyuma ya ukuta, huzuni ikamzidi, hakuweza kusogea, akarudi alikotoka bila kuonekana na mtu. Na katika sura ya mwisho kaka anayatambua hayo yote na kumsamehe. Mume wangu aliyaandika hayo akilia. Karatasi ilikunjamana.

Halafu akaanza kupiga mluzi. Wiki nzima anapiga mluzi, anaoga anapiga mluzi, anavaa viatu anapiga mluzi. Aliniambia kwamba kuandika kumemfanya mtu bora, kwamba sasa moyo wake mweupe, amemsamehe dada. Mimi nilivumilia mpaka Ijumaa.

“Umemwambia?” nikamuuliza.

“Nani?”

“Dada yako. Kwamba umemsamehe.”

Akasema si lazima, jambo lenyewe ni la moyoni.

Hasira ilinipanda, na nadhani nusu yake ilikuwa yangu mwenyewe. Nikaweka mkasi chini. “Baba Pacha, zamani ulimbunia dada yako ubaya. Sasa umembunia wema. Lini ulikwenda kumtazama? Mtu wa kurudi getini kwa watu mara tatu, unalala kifudifudi kwa ajili ya mita ya mtu usiyemjua! Dada yako umemkadiria. Miaka tisa unamwandikia M.”

Alitoka akaenda uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Niliona nimemkata pabaya, nikataka kumfuata, nikajizuia. Aliporudi ndani hakupiga mluzi. Alisema, “Kesho ni Jumamosi. Utanisindikiza?”

Tukaenda. Njia nzima alikuwa na daftari mapajani, na juu yake karatasi yenye maswali aliyoyaandika kwa namba, moja mpaka kumi na moja. Niliyachungulia. La kwanza lilikuwa la dirisha. Nilitambua kwamba anaogopa, na kwamba anaogopa kitu kimoja: asije akamkuta yule wa kwanza, wa chai na komeo, kumbe ndiye wa kweli siku zote.

Nyumba ya wifi ni vyumba viwili mwisho wa kichochoro, mlango wa kijani, ua mdogo uliofagiliwa. Geti lilikuwa wazi. Mume wangu aliingia hatua mbili, akakwama. Halafu, wallahi, akafanya alichozoea: akaona kifuniko cha mita pembeni, akapiga magoti, akakifunua, akatoa kitambaa mfukoni na kuanza kufuta kioo. Mimi nimebaki mdomo wazi.

Mlango ukafunguliwa. Wifi alisimama na aproni ya kiwandani, akamwona mwanamume ameinama kwenye mita yake, mimi hakuniona, nilikuwa nyuma ya nguo zilizoanikwa.

“Kaka, mita wameshasoma wiki iliyopita,” akasema.

Mume wangu akainuka. Wakatazamana. Alikuwa amepanga hotuba nzima, najua, maana nilimsikia akiifanyia mazoezi bafuni. Kilichotoka ni, “Shikamoo, dada.”

“Marahaba,” wifi akaitikia, kabla hajajua kama ameitikia. Kisha akashika fremu ya mlango.

Jikoni hakuna dirisha. Nilimwona mume wangu akilitafuta ukutani, ukuta huu, ukuta ule, kama mtu aliyepotezewa kitu. Mwanga unaingia kwa mlango tu. Wifi alitukaribisha viti, akabaki amesimama, akauliza habari za pacha, wamefika kidato gani, nani mrefu kumzidi mwenzake. Tukajibu.

Mume wangu aliikunja karatasi yenye maswali kumi na moja akaitia mfukoni. “Dada,” akasema, “siku ile ulikuwa wapi?”

Nilidhani atalia, au atatufukuza. Alivuta kigoda akaketi.

“Nililala.”

“Ulilala wapi?”

“Hapo chumbani. Niliamka saa kumi alfajiri, nikaoga, nikavaa, nikatia nguo kwenye mkoba. Nikakaa kitandani nifunge viatu. Nikasema nijiegeshe dakika tano, miguu inauma. Nilipofumbua macho jua linazama. Mkoba bado uko begani.”

Mume wangu alikuwa anamtazama kama anasubiri maneno mengine yaje. Hayakuja.

“Umelala tu?”

“Nimelala tu. Miezi mitano mama alikuwa anaamka kila saa, nami naamka naye, halafu naenda kazini. Wewe uliponiambia nikapumzike, mwili ukasikia. Simu ilikuwa jikoni, sikuisikia.” Alikuwa anasema polepole, bila kujitetea. “Nikakupigia. Hukupokea. Na mimi nikashukuru hukupokea.”

“Kwa nini ushukuru?”

“Ningekwambia nini? Mama anazikwa, binti yake anakoroma? Nikaona afadhali unione mbaya. Mtu mbaya ana sababu zake.”

Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikujificha. Nililia kwa ajili yake, na kwa ajili ya simu yangu iliyokaa miaka tisa na namba yake ndani. Nikasema, “Wifi, nami ningekupigia. Sikupiga. Nisamehe.” Akanipapasa goti kama mimi ndiye niliyefiwa.

Uso wa mume wangu ulikuwa mtupu. Alikuwa amembunia dada yake homa, basi bovu, komeo, chai, ukuta wa kujificha. Kichwa chake kilichovimba kilishindwa kubuni usingizi.

“Nimesikia unaandika,” wifi akasema. “Pacha mmoja aliniandikia barua. Nami nimo?”

Kumbe watoto wetu walikuwa na adabu kuliko sisi. Mume wangu akakubali kwa kichwa.

“Nisomee nilipo.”

“Dada, si—”

“Nisomee. Pale pabaya.”

Akasoma. Alisoma sura ya tisa ya mwanzo, ameketi, sauti haisikiki vizuri, mlango, komeo, chai, tabasamu. Mara mbili alitaka kuacha, mara mbili wifi akamwonyesha kwa kidevu aendelee. Alipomaliza alifunga daftari na kulikalia kabisa, kama anayetaka lisipumue.

Wifi alifikiri kidogo. “Huyu ana nafuu,” akasema. “Huyu alikuwa macho.”

Nilisikia jirani akiburuta ndoo kwenye saruji.

“Sasa nisomee mazishi,” wifi akaendelea, na hapo kwa mara ya kwanza sauti yake ikabadilika, ikawa ya kuomba. “Hakuna aliyenisimulia. Nilikwenda kaburini baadaye peke yangu, nikaona udongo tu. Sijui ilikuwaje.”

Mume wangu akalitoa daftari, akafungua zile kurasa mkutubi alizozisifu. Akasoma mstari mmoja, wa upepo uliokuwa ukichezesha majani. Akasimama hapo. Akarudi nyuma, akausoma tena kimoyomoyo. Akafunga.

“Huu upepo nimeutunga,” akasema. “Hata udongo nimeutunga. Sijui ilikuwaje, dada. Mimi sikuona kitu. Muda wote nilikuwa naangalia barabara, nakungoja wewe.”

Wakakaa hivyo, mtu na dada yake, wote wawili mazishi ya mama yao yamewapita. Kisha, bila kuambizana, wakageuka wakanitazama mimi.

Basi nikawasimulia. Mimi si msimuliaji, nilianza na mlango au na mtu sikumbuki. Niliwaambia hapakuwa na upepo. Niliwaambia mpini wa jembe moja ulikuwa umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kwamba jirani wa mama alivaa viatu visivyolingana kwa haraka. Kwamba wewe, Baba Pacha, ulishika mkoba wa nguo za mama mwanzo mpaka mwisho, watu wakitaka kukupokea hutoi. Kwamba pacha mmoja alilala begani kwangu na mwingine aliuliza kama bibi anasikia. Mume wangu alikuwa na kalamu mkononi na hakuandika hata neno, anasikiliza kama mtoto, anauliza: halafu? Halafu nani?

Wifi aliuliza swali moja tu.

“Nani alimwosha?”

“Mimi,” nikasema. “Mimi na yule jirani.”

Akanisogelea na kigoda chake, magoti yetu yakagusana.

“Maji yalikuwa baridi? Mama hapendi maji baridi.”

“Yalikuwa ya uvuguvugu, wifi,” nikamwambia. “Nilipima kwa kiwiko kwanza.”